Mlima na Njia: Vipindi Vilivyoijenga Morogoro

Mji wa Morogoro umekaa pale ambapo Milima ya Uluguru inakoma ghafla na tambarare inaanza. Msamvu, katika tambarare hiyo, ndipo zinapokutana barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, na mtu akisimama hapo na kutazama kusini anauona mlima wote umesimama mbele yake. Historia ya eneo hili ni ya sehemu mbili zinazotazamana namna hiyo. Juu, ardhi ilikuwa ya ukoo na madaraka yalikuwa ya wazee wa ukoo. Chini, nguvu ilikuwa ya yule aliyeweza kusimamisha msafara na kuutoza ushuru. Watawala waliokamata njia, kuanzia Kisabengo hadi Waingereza, walidhani wamekamata na mlima. Mabadiliko makubwa ya Morogoro yalitokea kila pale dhana hiyo ilipopimwa.

Mlima kabla ya misafara

Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Kilele chake kirefu zaidi, Kimhandu, kinapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Bahari ya Hindi unaogonga miteremko ya mashariki huleta mvua nyingi kuliko inayonyesha kwenye tambarare yoyote ya karibu. Mito inayotiririka kutoka huko huungana kuwa Ruvu, mto ambao leo unainywesha Dar es Salaam.

Waluguru si watu wa asili moja. Mapokeo ya koo zao yanataja wahamiaji waliotoka pande mbalimbali, wengine kusini kwenye nyanda za Ubena, wengine magharibi na kaskazini, wakapanda mlimani kwa vikundi vidogo wakitafuta mvua na usalama. Aliyefika kwanza kwenye bonde akafyeka msitu, ukoo wake ukawa mwenye bonde lile. Ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na shamba la mjomba hurithiwa na mpwa. Mgeni aliyetaka kulima aliomba kwa mkuu wa ukoo, akatoa ngoto, malipo madogo ya kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Alipewa shamba la kutumia, lakini hakupewa umiliki.

Hapakuwa na mfalme wa Waluguru wote. Palikuwa na wandewa, wakuu wa nasaba, kila mmoja na eneo lake, na juu yao wachache walioheshimiwa mbali zaidi kwa sababu ya uwezo wa kuombea mvua. Aliyejulikana kuliko wote alikuwa Kingalu wa Kinole, upande wa mashariki, ambaye jina lake lilirithiwa kizazi hadi kizazi kama cheo. Watu walimpelekea zawadi kwa ajili ya mvua, ila hakuwa na jeshi wala kodi. Utaratibu huu ulionekana dhaifu machoni pa wageni wote waliofuata, na wote walikosea, kwa sababu utawala usio na kichwa kimoja hauangushwi kwa kukata kichwa kimoja.

Njaa, bunduki na pembe

Mabadiliko ya kwanza makubwa yalitoka baharini. Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake kutoka Oman hadi Unguja katika miaka ya 1830, mikarafuu ilihitaji watumwa, na soko la dunia lilihitaji pembe za ndovu. Marekani, taifa ambalo wakati huo lilikuwa na umri wa miaka isiyofika 60, lilikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Mwaka 1833 Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said kwa niaba ya serikali yake, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts, alifungua ubalozi mdogo Unguja. Meli za Salem zilichukua pembe na gundi ya sandarusi, zikaleta bunduki, baruti na kitambaa imara cha pamba kisichopakwa rangi. Kitambaa hicho, merikani, kikawa fedha ya bara. Kuanzia Bagamoyo hadi Ziwa Tanganyika, mpagazi alilipwa kwa mikono ya merikani, na mwenye njia alilipwa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa merikani.

Biashara hiyo iliikuta Uzigua, kaskazini mwa Uluguru, katika wakati mbaya. Katikati ya miaka ya 1830 ukame mkali uliwatupa Wazigua wengi mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani. Baadhi yao walipelekwa hadi pwani ya Somalia, ambako wazao wao kwenye bonde la Juba wameendelea kuzungumza Kizigua. Waliobaki walijifunza haraka kwamba mwenye bunduki hauzwi, bali huuza. Kutoka katika msukosuko huo wakatokea viongozi wa aina mpya, ambao mamlaka yao hayakutokana na ukoo wala mvua. Yalitokana na wafuasi, silaha na boma.

Simbamwene

Mmoja wao alikuwa Kisabengo. Alikuwa Mzigua asiye wa nasaba kubwa, mwenye nguvu za mwili na ulimi wa kushawishi. Alikusanya watoro waliokimbia mabwana zao na watu waliopotewa na makwao, akateka wengine, kisha akashuka nao hadi chini ya Uluguru. Hapo, karibu na mto Ngerengere, alijenga mji wenye ukuta, nao ukaitwa Simbamwene.

Mahali palichaguliwa kwa akili. Maji ya mlima hayakauki, udongo wa tambarare ni mzuri, na msafara unaotoka Bagamoyo kwenda Usagara, Ugogo na Unyanyembe huona vigumu kupita mbali na hapo. Wapelelezi Richard Burton na John Speke waliposafiri mwaka 1857 walipita kusini mwa milima, kupitia Zungomero, kituo kilichojaa wafanyabiashara wakati ule. Miaka 14 baadaye Henry Morton Stanley alichukua njia ya kaskazini. Alifika Simbamwene mwezi Aprili 1871 na kustaajabu. Alikuta kuta za mawe zenye minara pembeni, malango ya mbao yaliyonakshiwa kwa namna ya pwani, na nyumba alizokisia kufika 1,000. Kwa hesabu yake watu walikuwa 3,000, labda hata 5,000. Stanley alikuwa ametembea Uajemi, na aliandika kwamba huko, ukiacha miji mikubwa, hakuona mji uliolindwa vizuri kuliko huu.

Kisabengo alikuwa ameshakufa. Aliyetawala alikuwa binti yake, anayejulikana kwa jina lile lile la mji, Simbamwene. Vitabu vingi humpitia kwa mstari mmoja, jambo ambalo si haki. Mwanamke huyu alishika njia kuu ya biashara ya Afrika Mashariki wakati biashara hiyo ilipokuwa imefikia kilele, na wajumbe wake walikwenda kudai hongo kwa kila mkuu wa msafara, Mwarabu au Mzungu. Stanley mwenyewe alidaiwa, akakataa kwa hoja kwamba sehemu ya msafara wake iliyotangulia ilishalipa. Kulipa au kutolipa hapo halikuwa suala la adabu. Hongo ndiyo iliyonunua baruti, na baruti ndiyo iliyoulinda ukuta.

Hata hivyo mamlaka ya Simbamwene yaliishia kwenye miteremko ya chini. Mlimani koo ziliendelea kugawa ardhi zao kama zamani. Mji ulihitaji chakula cha mlima, na mlima ulihitaji chumvi, majembe na nguo zilizopita mjini. Zilikuwa jamii mbili zilizotegemeana. Hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba moja iliitawala nyingine.

Kilichouvunja mji hakikuwa vita. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini. Mvua zilizofuatana nacho zilifika bara. Stanley, akirudi pwani mwishoni mwa mwezi huo baada ya kukutana na mpelelezi Livingstone, alikuta Ngerengere umefurika, ukuta wa mbele wa Simbamwene umeanguka, watu wengi wamekufa maji na mtawala amekimbia. Mji haukurudi tena katika ukubwa ule. Ukoo ulibaki na jina lake, lakini wageni waliofuata walimkuta mtawala wa Morogoro akiwa anahitaji marafiki.

Misheni na mikataba, 1882–1889

Wa kwanza kuja kama marafiki walikuwa mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Walikuwa Bagamoyo tangu 1868, wakawa wanapanda bara hatua kwa hatua kwa kufuata njia ya misafara. Mhonda, katika milima ya Unguu, ilifunguliwa 1877. Mwaka 1882 walifika Morogoro, na Kingo, wa uzao wa Kisabengo, akawapa mahali chini ya mlima. Kwake walikuwa ngao, kwa kuwa Wazungu wenye uhusiano na Unguja wangeweza kuwazuia maadui. Kwao Kingo alikuwa mlango. Waliojaza misheni mwanzoni walikuwa watumwa waliokombolewa, kisha polepole wakaja watu wa jirani. Mwaka 1897 mapadre walifungua Matombo, mashariki ya milima, na huko ndiko Ukristo ulikoingia kweli mlimani.

Wa pili walikuja kwa haraka zaidi. Mwezi Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters na wenzake walipanda kutoka Saadani bila idhini ya mtu yeyote wa eneo hilo, na kabla ya Krismasi Peters alikuwa amerudi pwani na karatasi za mikataba ya Uzigua, Unguu, Usagara na Ukami. Ukami ndilo jina ambalo nchi ya Morogoro ilijulikana kwalo wakati huo. Karatasi hizo, zilizoandikwa kwa Kijerumani, zilidai kwamba watawala wa huko wametoa nchi zao zote na haki zote milele, nao wakapokea zawadi. Mbinu hii haikuwa mpya. Karne mbili kabla, walowezi wa Amerika ya Kaskazini walipata mabonde mazima kutoka kwa wenyeji waliodhani wanamruhusu jirani kulima tu. Uluguru ilikuwa na kanuni yake kuhusu jambo hilo, ngoto, na kwa kanuni hiyo hakuna mndewa, sembuse mtawala wa tambarare, aliyeweza kuuza ardhi ya ukoo. Mikataba ya Peters ilikuwa batili kwa sheria pekee iliyokuwepo mahali ilipoandikwa. Lakini tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm I aliipa hati ya ulinzi, na Agosti mwaka huo manowari za Ujerumani zilisimama mbele ya kasri ya Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, hadi akaacha kupinga.

Watu wa pwani walipigana tangu 1888. Kiongozi wao, Bushiri bin Salim, aliivamia Mpwapwa mwaka uliofuata, akashindwa, na akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Baada ya hapo njia ya misafara ikawa ya Wajerumani.

Kodi, reli na mkonge, 1898–1914

Katika muongo wa kwanza wa utawala wa Kijerumani wakulima wengi wa mlimani waliwaona Wazungu kwa nadra. Mwaka 1898 ulibadilisha hilo, kwa sababu ndipo kodi ya nyumba ilipoanza: rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya shambani. Rupia hazioti mlimani. Ilibidi mtu auze mazao au aende kufanya kazi chini, na hilo ndilo lililokusudiwa.

Kazi chini ilikuwa inaongezeka. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, zao ambalo asili yake ni Mexico. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kutoka hiyo yakatokea mashamba yote ya mkonge ya Tanganyika. Tambarare ya Morogoro, yenye ukavu unaoufaa mkonge na maji ya mlima ya kuendeshea mitambo, ilijaa mashamba hayo: Tungi, Pangawe, Kingolwira na mengine. Mlimani Wajerumani walichimba ulanga, wakajenga nyumba ya Morningside juu ya mji kwa ajili ya hewa baridi, wakatenga misitu ya vileleni kuwa mali ya serikali. Hilo la mwisho lilipita kimya, ingawa ndilo lililokuwa la kwanza kuondoa ardhi mikononi mwa koo.

Kilichougeuza mji kabisa ni reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwanzoni mwa 1905 chini ya kampuni ya Philipp Holzmann, na Desemba 1907 reli ikafika Morogoro. Katikati ya miaka hiyo miwili kulikuwa na Vita ya Maji Maji, iliyoanza Umatumbi Julai 1905 na kufika Mahenge mwishoni mwa Agosti, ambako wapiganaji walianguka kwa mamia mbele ya bunduki za boma. Njaa iliyoletwa na Wajerumani kwa kuchoma mashamba na maghala iliua wengi kuliko risasi. Reli iliendelea kujengwa wakati huo wote. Ilipofika, biashara ya mpagazi ilikufa kati ya Bagamoyo na Morogoro. Bagamoyo ilibaki nyuma, Dar es Salaam ikapanda, na Morogoro ikawa kwa muda mwisho wa reli, mahali ambapo kila kitu cha bara kilipakiwa na kila kitu cha pwani kilipakuliwa. Wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka. Manamba, vibarua waliotoka mbali kwenda kwenye mkonge, walifikia hapo. Tabora ilifikiwa 1912, Kigoma 1914.

Agosti 1916

Reli ikawa pia sababu ya Vita Kuu ya Kwanza kufika. Morogoro ilikuwa makao makuu ya kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, wakati Jan Smuts aliposhuka kutoka Kilimanjaro na jeshi la Waingereza, Waafrika Kusini na Wahindi. Smuts alitaka kumbana Mjerumani kwenye mji, mlima ukiwa nyuma yake. Hakufanikiwa. Lettow-Vorbeck alijua kuna njia za kuuzunguka mlima, akapita, na Waingereza walipoingia mjini tarehe 26 Agosti 1916 walikuta jeshi lake limeshaondoka. Mapigano yaliendelea Kisaki mwezi uliofuata.

Walioumia zaidi hawakuwa wenye sare. Pande zote mbili zilikamata watu kubeba mizigo, na katika vita hiyo wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Majeshi yalichukua mahindi, mbuzi na kuku popote yalipopita. Kisha mwaka 1918 yakaja mafua makali. Hakuna familia ya miteremko ya Uluguru iliyovuka miaka hiyo bila kupoteza kitu.

Masultani wa serikali, 1925–1950

Baada ya vita nchi ilibaki mikononi mwa Waingereza, na gavana wao Donald Cameron alifika Tanganyika 1925 na sera ya kutawala kupitia wakuu wa jadi. Sehemu nyingi za nchi zilikuwa nao. Uluguru ilikuwa na wandewa na waombea mvua, basi Waingereza wakatengeneza walichokikosa: usultani, wenye sultani juu, manaibu chini yake, mahakama, makarani na hazina ya kodi. Baadhi ya waliopewa vyeo walikuwa na heshima ya kweli. Lakini heshima hiyo ilikuwa ya mvua na ya ukoo, na serikali iliigeuza kuwa ya kukusanya kodi na kutoza faini. Kwa miaka 20 mambo yalikwenda kwa sababu serikali haikuomba kitu kikubwa.

Matuta, 1950–1955

Kisha ikaomba ardhi yenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili wataalamu wa kilimo waliutazama mlima kutoka chini na kuona moshi wa mashamba yanayochomwa, miteremko isiyo na miti na mito iliyojaa udongo. Hofu yao haikuwa ya uongo. Watu walikuwa wameongezeka, misitu ya juu ilikuwa imefungwa, na shamba lililokuwa likipumzishwa miaka kadhaa sasa lilipumzishwa miwili au mmoja. Mashamba ya mkonge na mji wa Dar es Salaam yalitegemea mito hiyo. Mwaka 1950 ukaanzishwa Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Kuchoma mashamba kulipigwa marufuku, na kila mlipa kodi alitakiwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Asiyechimba alipelekwa kwenye mahakama ya sultani na kutozwa faini.

Makosa yalikuwa mawili, na la kwanza ni la udongo. Udongo wenye rutuba wa Uluguru ni tabaka jembamba juu ya udongo mwekundu usio na chakula. Kuchimba ngazi kulifukia tabaka la juu na kuleta la chini juani. Mahindi yaliyopandwa kwenye matuta mapya mara nyingi yalikuwa mabaya kuliko ya jirani aliyekataa kuchimba, na mkulima hahitaji bwana shamba kumweleza alichokiona kwa macho yake. Mgeta, ambako watu walilima mboga kwa samadi na umwagiliaji, matuta yalileta faida na wengine waliyaendeleza wenyewe. Tofauti hiyo ingepaswa kuwafundisha wataalamu, lakini walishikilia amri moja kwa mlima wote.

Kosa la pili lilikuwa la haki. Kwa kanuni ya ngoto, anayetengeneza kitu cha kudumu kwenye ardhi ni mwenye ardhi. Aliyelima shamba la ukoo mwingine alipolazimishwa kuchimba matuta, wenye ardhi walihofu kwamba atadai kuwa ni pake, naye alihofu kwamba akimaliza atanyang'anywa. Wengi, juu ya hayo, waliamini kwamba serikali ikishapata mlima uliochimbwa vizuri itawapa Wazungu. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Miaka michache tu nyuma Wameru walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kupisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikuwa amepeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa.

Wanawake, ambao ndio waliolima zaidi na ambao ukoo ulihesabiwa kwao, walikuwa mstari wa mbele katika kukataa. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kuwakabili wakubwa wa serikali na sultani. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo matuta hayakuweza tena kulazimishwa, na mpango ukaachwa. Usultani ulibaki kwa jina, lakini watu walikuwa wamewaona masultani wakisimama upande wa faini. Chama kilichozaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, TANU, kilikuwa na Mluguru miongoni mwa waasisi wake, Patrick Kunambi, na kadi zake zilipata wanunuzi mlimani bila shida. Kati ya matukio yote ya Morogoro, hili la 1955 ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu ndilo pekee ambalo mlima uliamua wenyewe.

Baada ya Uhuru

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1963 vyeo vya machifu vilifutwa kisheria nchi nzima. Mkonge ulianguka bei, na baadhi ya mashamba yakaachwa. Mojawapo, Mazimbu, serikali ililikabidhi kwa chama cha ANC cha Afrika Kusini, ambacho kilikuwa kimefanya mkutano wake wa mashauriano mjini Morogoro mwaka 1969. Hapo kikajenga Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu. Barabara kuu ya kwenda Zambia iliyojengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 iliipa Msamvu nafasi iliyokuwa ya Simbamwene, na mabasi ya mikoa yakahamia huko. Njia hiyo imeleta riziki na msiba pia: tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lililipuka Msamvu na zaidi ya watu 100 wakafa. Treni ya umeme ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, kabla ya kuendelea hadi Dodoma.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki ya kimila ya kumiliki ardhi, na mlimani koo za upande wa mama bado zinasikilizwa katika kugawa mashamba. Cheo cha Kingalu bado kinarithiwa Kinole. Ukoo wa Kisabengo umeachiwa jina la kata moja mjini, Kingo. Soko kuu la Morogoro, linalouza ndizi, mboga na viungo vinavyoshuka kutoka Uluguru, linaitwa Soko la Chifu Kingalu.